Watu wa Korido

Katika jengo jipya la kusafishia damu wagonjwa wa figo, kila mtu alimwita afisa wa majengo Bi Hesabu. Siku hizo alipanda na kushuka ngazi na kalamu sikioni, akihesabu vichwa.

"Bi Hesabu, mimi nihesabu wawili," muuguzi mmoja mnene alimtania. "Mwili huu si wa mtu mmoja."

"Wewe nimekuandika ghorofa nzima," alijibu, wakacheka.

Kazi yenyewe haikuwa ya kucheka. Hospitali iliomba cheti cha jengo la kijani, yaani jengo lisilofuja maji wala umeme, na wakaguzi walitaka kujua humo ndani huwamo watu wangapi. Jengo kama lile halina idadi moja. Siku mashine zote zinapofanya kazi, hakuna pa kukanyaga. Siku nyingine unasikia mwangwi wa viatu vyako. Madaktari na wauguzi walikuwa rahisi, wana zamu zao. Waliomtoa jasho ni ndugu wa wagonjwa. Mwongozo wa cheti uliwaita wapita njia. Lakini mpita njia gani hufika asubuhi na mapema akaondoka jioni? Hawa walishinda kwenye korido ya chini isiyo na dirisha, mabega yakigusana, wakivuta pumzi walizozitoa wenyewe.

Mmoja wao alikuwa shangazi yake, aliyemleta mumewe kutibiwa. Shangazi ana pumu. Juzi pumzi ilimkata palepale kwenye benchi, akabebwa nje mzobemzobe.

Basi Bi Hesabu aliandika alichokiona: ndugu wanashinda humu, kama wafanyakazi.

Mkurugenzi wa hospitali alisoma ripoti, akafurahi. "Safi sana, mama! Maji ni yaleyale, watu wameongezeka, kila kichwa kinatumia kidogo. Hapo tumepita." Kisha akafika ukurasa wa hewa safi, uso ukakunjamana. "Huku waondoe."

"Niwaondoe waende wapi, bosi?"

"Waandike watu wa dakika chache. Ukiwaacha, tutaambiwa tubomoe ukuta tuingize hewa."

"Bosi, mtu si chumvi, umzidishe sufuria hii umpunguze ile. Anayekunywa maji ndiye huyohuyo anayevuta hewa."

"Mkataba wako unaisha lini vile?" Aliuliza huku akitabasamu, kama anayeulizia hali ya watoto.

Uongo wa tarakimu una adabu zake. Haupigi kelele, hauvunji sahani. Unamkalia mtu kifuani tu, nao haumjui hata jina. Ndiyo maana watu wema, wasioweza kumwibia jirani hata kiberiti, huutia saini na kwenda kula wakashiba.

Bi Hesabu hakula. Alishuka koridoni, shangazi akajisogeza, wakabanana.

"Una nini? Uso umekushuka."

Alimweleza yote. Shangazi alisikiliza, kifua kikilia kama mlango uliokosa mafuta.

"Mwanangu, saini anavyotaka. Benchi hili nimelizoea."

"Juzi ulitaka kutufia hapa."

"Sikufa. Wewe una watoto shuleni. Ukifukuzwa, nitavuta hewa gani ya kunipa usingizi?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko tishio la bosi. Alikuwa amekuja kutafuta nguvu, akapewa ruhusa, na ruhusa ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Alitazama wale watu wa benchini: mzee aliyesinzia kinywa wazi, mama aliyempepea mtoto kwa kadi ya kliniki. Nani aliwauliza wao kama wamezoea?

Alirudi mezani, akaweka idadi ileile kwenye maji na kwenye hewa, akatia saini, akawatumia wakaguzi kabla moyo haujageuka.

Mkurugenzi hakufoka. "Umejifukuza mwenyewe," alisema, akanyoosha mkono apewe funguo za ofisi.

Siku iliyofuata ya matibabu, Bi Hesabu alimsindikiza shangazi. Korido ilikuwa imejaa vilevile.

"Wakaguzi wamesema nini?" shangazi aliuliza.

"Wanakuja kujionea. Hawajasema lini."

"Na kazi?"

"Imekwisha."

Shangazi alimgeuzia kisogo. "Ulinitumia mimi kujiharibia. Sikukutuma."

"Hukunituma, shangazi."

Kifua cha shangazi kilianza kubana tena, naye, akiwa bado amempa kisogo, akanyoosha mkono nyuma kutafuta wa kumshika. Bi Hesabu akamshika, akampitisha polepole katikati ya magoti ya watu, kuelekea mlangoni.