Mashine ya Kufumia ya Nyumba Kumi

Nilipoachika na kurudi kwa baba yangu, mtaani Ipuli, Tabora, alinipa muda hadi Idi. Nikipata shughuli ya kunilisha, nitakaa. Nikikosa, nitaolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nzega, mwenye wake wawili na meno machache. Baba aliyasema haya akinywa uji, kwa upole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi.

Kila mtu alinipa shauri moja: maandazi. Mtaa wetu ulikuwa na wakaanga maandazi mlango kwa mlango. Waliuziana wenyewe kwa wenyewe, wakarushiana majungu juu ya makarai, na hiyo wakaiita biashara. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa bingwa wao.

"Mwanangu, maandazi yana baraka zake," aliniambia. Nilimtazama. Miaka yote ile ya baraka na bado alikuwa anaazima karai.

Mimi nilitaka kitu cha kisasa. Mke wa mwenye duka mmoja wa Kihindi alikuwa anafungasha kuhama. Nikauza bangili zangu zote, nikanunua mashine yake ya kufumia. Alinifundisha siku tatu, akaondoka. Nilichagua sweta za shule kwa sababu Julai asubuhi Tabora baridi huuma, na watoto walikuwa wakienda darasani wamejifunga khanga za mama zao. Sweta ya kwanza, ya kijani, nilimpelekea mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Aliivuta, akaigeuza nje ndani, akaagiza za darasa zima. Siku hiyo nilipita mtaani kichwa juu, na sioni haya kusema.

Ndipo akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye kazi yake nyingine sikuwahi kuijua. Nilimwamkia.

"Marahaba. Ndugu, umeajiri watu wangapi?"

"Sina mtu. Nafanya mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi unajinyonya mwenyewe."

Wala hakucheka. Alasiri ile tukakusanywa ofisi ya tawi la chama. Aliusema ubepari mpaka mate yakamkauka, kisha akauliza nani anakubali mashine iwe ya nyumba kumi zote. Wakaanga maandazi wakanigeukia. Niliogopa kuitwa kupe, na pia, Mungu anisamehe, nilitamani kupigiwa makofi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Makofi niliyapata.

Ushirika wetu uliendeshwa kwa usawa wa kipumbavu. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja, na kila mtu alifuma mistari kumi kisha akampisha mwenzake, anayeweza na asiyeweza. Shangazi alivuta uzi kana kwamba anafunga mbuzi. Aliyemfuata aliulegeza mpaka kidole kikapenya. Niliomba mtu mmoja amalize sweta moja. Balozi akasema hayo ni mawazo ya kibepari. Zilipokamilika, kila sweta ilikuwa na mkono mmoja wa mtoto na mwingine wa baba yake.

Balozi aliinua mojawapo juu. "Hapa pana jasho la kila nyumba!"

Mwalimu mkuu alizikunja kwa adabu, akaturudishia. Wanaushirika wakagawana, wakaenda kushikia makarai ya moto. Mashine ilihamia ofisi ya tawi, ikafunikwa kitambaa cha mezani, na juu yake ikawekwa redio.

Idi ikafika, na siku ya nikaha ikapangwa. Mwanamke aliyeachika hanyamazi kama mwali. Lazima atamke ridhaa yake mbele ya mashahidi. Shahidi mmoja alikuwa balozi, kanzu imepigwa pasi, pua tayari iko kwenye pilau. Alisimama mlangoni pa chumba nilichokuwamo, akaanza kuniuliza kama namkubali yule bwana wa Nzega. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wote macho kwangu, na uani baba alikuwa akikohoa kwa upole.

Nimemdharau balozi yule miaka yote hii, na sijaacha. Lakini hakuninyang'anya kitu. Aliniuliza mara mbili mbele za watu, ya mashine na ya mume, na hata hiyo ya pili nilikubali kabla hajamaliza swali.