Msamaha Ambao Haukuombwa

Naigaga anashona nguo kwenye kibaraza cha banda la filamu pale Mpumudde, Jinja, na tangu nimfahamu sijamwona akikosa filamu ya Kihindi. Jicho moja kwenye sindano, jingine mlangoni. Mimi ni jirani yake, nauza mkaa, na nasema bila kuficha: mwaka huu filamu moja nusura inipokonye rafiki.

Mumewe, Bramwel, anaishi Nkoma, kule Mbale. Alimzaba Naigaga kofi mbele ya wageni kwa sababu ya chai iliyochelewa, naye akafungasha virago akarudi kwao Jinja. Miezi minne baadaye Bramwel akatuma salamu: Jumamosi anakuja na wazee wawili, mke apige magoti, aombe radhi, warudi nyumbani. Nilipandwa na hasira. Naigaga akaniambia, "Hata yule mke wa kwenye filamu alipiga magoti, na nyumba ikatulia."

Ndivyo alivyosikia, simlaumu. Banda lile lina mfasiri, Muzafaru, anayeshika kipaza sauti na kueleza kila kinachosemwa. Kihindi hajui hata cha kuombea maji, lakini mdomo anao. Mke wa kwenye filamu alipopigwa akainama sakafuni, Muzafaru akalia kwa sauti ya kike: "Nisamehe, bwana wangu, kosa ni langu!" Kwetu Wasoga mwanamke hupiga magoti mbele ya mumewe kwa heshima, nani angembishia?

Alhamisi mchana, Bhoomi, Mhindi wa duka la vitambaa, alikuja kuchukua blauzi yake. Filamu ileile ilikuwa ikionyeshwa. Akachungulia, akasikiliza, akaruka.

"Wewe Muzafaru, uongo gani hii? Huyu mama hapana omba msamaha! Bangili yake imevunjika, yeye naokota. Yeye nasema, 'Nachukua vitu yangu, naenda.'"

Banda zima likaangua kicheko. Muzafaru akajikuna kichwa. "Mama, mimi natafsiri kwa macho tu."

"Basi vaa miwani!"

Naigaga hakucheka. Aliacha cherehani, akamwomba Bhoomi ayarudie maneno yale, mara tatu. Nilifurahi mpaka nikamnunulia soda.

Jumamosi wageni wakafika, Bramwel katikati, shati limenyooka kwa pasi. Naigaga akawapigia magoti wazee wote wawili, akawasalimia mmoja mmoja kama alivyolelewa, akawapa wageni wote chai. Kisha akasimama wima mbele ya mumewe.

"Na mimi?" Bramwel akauliza.

"Mimi ndiyo nilipigwa, na pole pia nitoe mimi?"

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Bwana, mama anauliza. Mjibu."

Bramwel alimaliza chai yote akitafuta neno, nalo likatoka dogo: "Pole."

Naigaga akasema amelisikia, ahsante, na Mbale haendi.