Picha ya Kila Jioni

Leo fundi amepasua gogo la mwati uani kwangu. Harufu ya gome bichi ikaninyoosha mgongo kabla sijajua kwa nini.

Baba alikuwa kibarua wa kubandua magome ya miwati, miti ambayo magome yake husindika ngozi, katika shamba la mzungu, Njombe. Mzungu alipohama alimwachia kamera kuukuu ya sanduku. Basi kila jioni, kabla hata ya kunawa, baba alitupanga nje ya jiko: mama, bibi, na sisi watoto tukitetemeka kwa baridi. Aliinamia kamera, akatutazama weee, ndipo kidole chake cheusi kwa utomvu kikabonyeza.

Shuleni nikasikia kwamba picha hukaa kwenye filamu. Nikaifungua kamera. Ndani mtupu! Nikamkimbilia mama.

“Mama, haina filamu! Baba anatudanganya!”

Mama hakuacha kusonga ugali. “Tunajua, mwanangu. Sasa niambie, ni wakati gani mwingine baba yako anatutazama sote pamoja, bila kumtuma mtu kazi?”

Jioni hiyo baba alipofika na harufu yake ya magome, alinikuta nimeshasimama nje ya jiko, nimenyoosha mgongo, namsubiri.