Chipsi za Kusahau

Siku hiyo mwalimu wetu wa dini aliuliza ni nani kati yetu angekataa hongo. Mikono yote ikapanda. Mimi niliinua miwili. Akaniambia nishushe mmoja, nikamjibu kwamba huo wa pili ni wa babangu, ana shughuli dukani. Darasa likaangua kicheko. Nilikuwa na hakika kabisa na mikono yangu, ingawa ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kujisumbua kunihonga. Nani atampa mwanafunzi wa kidato cha tatu kitu kidogo, ili amfanyie nini? Kwamba hongo ina mtu anayeitoa, hilo halikunijia akilini.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Kutoka shuleni hadi kwetu Parklands lazima upite kibanda cha chipsi masala, na mwenye kibanda hana huruma: anakaangia karibu na njia, harufu ya pilipili na dania inakufuata mpaka ng'ambo ya barabara. Wiki mbili nzima nilikuwa nikipita hapo nimeziba pua kama mtu anayepita jalala. Siku hiyo sikuziba. Nilijiambia nanunua za kufuturu. Kufika kwenye ngazi za fleti yetu, chipsi zilikuwa bado zinanichoma mkono kupitia karatasi, na badala ya kuingia ndani nikapitiliza hadi juu ya paa, pale watu wanapoanika nguo. Nikachutama nyuma ya tangi la maji, nikala kama mtu anayefukuzwa.

Dadangu ana miaka minane, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kufunga kutwa. Kabla ya hapo alikuwa akifunga mpaka adhuhuri tu, na bibi akimwambia kwa simu nusu ya leo itashonwa na nusu ya kesho iwe saumu moja. Sasa alikuwa ameitaka nzima, bila mshono. Bibi alipanda gari kutoka Mombasa kwa ajili hiyo tu. Jioni hiyo alikuwa jikoni akipika kaimati ambazo mtoto mwenyewe ndiye angetugawia mezani. Mama alishawapigia shangazi zangu wote simu. Na mtoto alikuwa amejikaza kweli: shuleni aliwapa wenzake chakula chake chote, akarudi akalala kifudifudi kwenye sakafu baridi, hakulia.

Mama akamtuma juu aanue nguo.

Nilisikia ndara zake, kisha akavuta shuka kwenye kamba na tukatazamana. Mdomo wangu ulikuwa umejaa.

"Nitamwambia bibi," akasema. Hakukasirika. Alishangaa tu.

Nikaanza kununua. Nilimwahidi simu yangu wikendi nzima, akakataa. Nilimwahidi kumbeba mgongoni mpaka getini kwao shuleni, mbele ya marafiki zangu, akacheka kidogo, akakataa. Hapo ndipo nikaona kwamba mtoto aliyefunga hana shida na vitu vyangu. Lakini aliyekula pamoja nami, huyo angemwambia nini bibi?

"Mtu akila kwa kusahau, saumu yake haiharibiki. Si mlifundishwa madrasa?"

Akakubali kwamba walifundishwa.

"Basi sahau."

"Nitasahau aje na wewe ndio unanikumbusha?"

Nikamwambia afumbe macho, afikirie kitu kingine, kwa mfano hesabu ya mara saba. Akafumba. Alianza kunong'ona saba mara moja, saba mara mbili, na nilipomwekea chipsi mdomoni akanyamaza. Akatafuna polepole. Kisha akanyoosha mkono, macho bado yamefumbwa, nikampa nyingine, na nyingine. Mimi nilikuwa nacheka. Hicho ndicho ninachoshindwa kukifuta. Nilikuwa nimeziba mdomo nisisikike, nacheka, najiona mjanja wa mwaka.

Alipofumbua macho aliangalia mafuta kwenye vidole vyake, akavipangusa kwenye gauni, akaanua nguo zote bila kunitazama.

Adhana ya magharibi ilipoanza, bibi alimpa tende ya kwanza yeye, kabla hata ya baba. Akaishika tu mkononi.

"Bibi, mimi nilikula."

Bibi akamuuliza kwa upole alikula saa ngapi.

"Jioni. Nilisahau."

Hakuniangalia hata kwa jicho la pembeni. Makubaliano yetu aliyatimiza mpaka mwisho. Na uso wa bibi ukafunguka kwa furaha: akaeleza kwamba anayekula kwa kusahau ni Mungu ndiye aliyemlisha, saumu yake ni nzima, haina kasoro. Baba akacheka. Mama akamkumbatia. Hapo mtoto akaanza kulia, wakasema ni njaa, wakamharakishia uji.

Nafasi ilikuwepo, ya sentensi moja tu. Bibi hata asingenigombeza sana. Mimi nikatia kaimati mdomoni, halafu nyingine juu yake.

Kesho yake nilimpelekea simu. Akasema haitaki. Alifunga kutwa siku zote zilizobaki, hata ile aliyokuwa na homa, mama akimbembeleza anywe dawa naye akifunga mdomo na kutikisa kichwa. Wote walidhani ni ukaidi wa kitoto, wakamsifu.

Siku ya Idi wageni walijaa, na bibi akawasimulia habari za mjukuu wake aliyelishwa na Mungu. Anaisimulia vizuri, huiga hata ile sauti ndogo ya "nilisahau". Mpaka leo anaisimulia, kwa simu, kwa majirani, kwa yeyote. Akifika hapo dadangu husimama akaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mimi ndiye ninayecheka kuliko wote, maana nyumba nzima inajua mimi ni mtu wa mzaha, na nisipocheka wataniuliza nina nini.