Siku Niliyotubu kwa Niaba ya Baba

Nyumba ninayopanga hapa Utemini imepakana na mashine ya kukamua alizeti. Msimu ukifika, harufu ya mashudu ya moto inaingia mpaka kwenye mashuka. Wapangaji wenzangu wanalalamika, wanafunga madirisha. Mimi la kwangu nalifungua. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, na kama mna nafasi nitawaeleza jambo ambalo hata mume wangu nimemweleza nusu tu.

Kwetu ni Mungaa. Baba alikuwa fundi wa mashine ya alizeti kule Mkiwa, njia panda, na nyumbani alirudi Jumamosi, shati limelowa mafuta mgongoni, mfukoni ana pipi zinazonuka mashudu. Nilizila hivyo hivyo na sikuwagawia wenzangu. Kisha akaanza kuruka Jumamosi moja, mbili, mwezi mzima. Kumbe huko Mkiwa alikuwa na mwanamke mwingine, wanaishi kama mke na mume. Mama aliambiwa kisimani, mbele ya wenzake. Alijitwika ndoo yake akarudi nyumbani, akapika, tukala.

Kanisa likamtenga Baba. Kwa asiyejua, maana yake huruhusiwi kushiriki meza ya Bwana, na ukifa hujarudi kundini, mchungaji haji kukuzika wala kengele haigongwi. Kurudi kunawezekana, tena siku yoyote mchungaji akiwepo: uiache dhambi yenyewe, upite mbele ya watu wote, upige magoti, utubu. Ila mchungaji wetu alikuwa na mitaa mingi ya kuhudumia, kwetu alifika mara chache kwa mwaka.

Nilipokuwa na miaka tisa, Baba alirudi kabisa. Alishushwa barabarani na lori, tumbo limevimba, miguu myembamba, na yule mwanamke hakumsindikiza hata hatua moja. Mama alimpokea bila neno. Alimwogesha, alimpikia uji wa mtama, alimfulia. Bila neno, nasema. Watu walimsifu sana kanisani kwa uvumilivu wake.

Mchungaji alipotangazwa kuwa anakuja, wazee wa kanisa walimfuata Baba. Akakataa. Alikuwa bado anaweza kutembea kwa fimbo, lakini aibu ilimshinda. "Watu wale wale niliowakamulia mafuta, leo nikawapigie magoti?" alisema, akageukia ukutani. Niliwasikia wanawake wakinong'ona kwamba atazikwa kama mbuzi. Sikulala.

Sasa nieleweni. Mimi ndiye mtoto niliyekuwa natumwa. Kazi ya kijiji ikiitishwa na Baba yuko Mkiwa, nilikwenda na jembe lake, na mwenyekiti akamwandika kuwa yupo. Palipotokea msiba nilipeleka mtama, nikasema huu ni wa Baba, wakapokea, wakamshukuru Baba. Basi nikaona hili nalo ni lile lile.

Jumapili ile mchungaji alipoita wanaorudi kundini, walisimama watu wawili, na nyuma yao mimi, na gauni langu la Krismasi. Nikapiga magoti. Saruji ilikuwa ya baridi. Kanisa zima likaanza kucheka, maana nani aliwahi kuona mzinzi wa miaka tisa! Mzee Zakayo, mzee wa kanisa na jirani yetu, akainama akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Baba, anaumwa. Hakucheka. Macho yake yalijaa machozi, akaninyanyua. "Hili hatumwi mtoto, mwanangu. Kila mtu analiendea mwenyewe. Rudi ukakae." Nilimchukia Mzee Zakayo miaka mingi kwa maneno hayo.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Baba aliniita kitandani, akaniuliza, "Ulisema nini ulipopiga magoti?" Nikamjibu ukweli: sikusema kitu, nilisahau. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nikamwomba radhi, nikidhani nimemtia aibu.

Siku chache baadaye, jioni, aliniambia nimsaidie kushuka. Kutembea kulikuwa kumeshashindikana. Nilimshika kwapani, akashuka kidogo kidogo mpaka magoti yakagusa sakafu. Mama alikuwa mlangoni na ungo, anapepeta mtama.

"Mama Neema," Baba akasema, "nimemkosea Mungu, na wewe nimekukosea. Nimemwomba yeye. Sasa nakuomba na wewe, nisamehe."

Ungo ukasimama. Mama akauweka chini. Kisha akasema, "Kuku hawajaingia," akatoka nje.

Kuku walikuwa wameshaingia. Niliwafungia mwenyewe.

Nikamwambia Baba nimnyanyue. Akasema hapana, tumngoje mama yako. Tulimngoja mpaka Baba akaanza kutetemeka miguu, nikashindwa, nikaenda kumwita Mzee Zakayo anisaidie kumrudisha kitandani. Baba alifariki keshokutwa yake, alfajiri.

Hakuja mchungaji. Kengele haikugongwa. Mzee Zakayo alichimba kaburi na wengine, akaomba kwa ufupi, akisema anaomba kama jirani. Mimi nililia kengele. Nilisimama pale makaburini nikiitegea sikio, nikidhani labda watabadili mawazo.

Tangu mwaka ule Mama hakushiriki tena meza ya Bwana. Hakutengwa na mtu. Kanisani alikwenda kila Jumapili na kuimba aliimba, ila wenzake wakiinuka yeye alibaki ameketi. Nilijua anawagomea kwa ajili ya ile kengele, na nilijivunia. Nami nikagoma. Nilikataa kipaimara, nikawasema wazee wa kanisa kwa kila aliyenisikiliza.

Mwaka jana Mama alikuja kwangu kutibiwa macho. Tukiwa tunachambua mchicha, nikaanza tena kulisema kanisa vile walivyomzika Baba. Akanikatiza.

"Kanisa limekosa nini? Baba yako alitubu, wewe ni shahidi. Aliyemwacha chini ni mimi, ndiyo maana meza ya Bwana siiendei."

Nikamwambia Mungu ameshamsamehe, miaka yote hii. Aliendelea kuchambua, kwa vidole, maana haoni vizuri.

"Mungu nimeshamwomba, na najua husamehe. Lakini baba yako aliniuliza mimi. Sasa nikamjibie wapi?"

Namwogesha mama yangu, namlisha, namshika mkono kwenda hospitali, na hilo la kumjibu Baba siwezi kumfanyia. Nililia pale pale juu ya mchicha, mpaka akaacha kazi yake akaanza yeye kunibembeleza.