Shikamoo Ambayo Mama Hakuiitikia

Leo nimemfokea mama yangu mzazi mbele ya baba mkwe. Sijui niweke wapi uso.

Mimi na baba mkwe tumefika nyumbani Vuga, tumemkuta mama kakaa kwenye kigoda.

"Shikamoo mama!"

Kimya. Akageuza uso pole pole, akaangalia migomba.

Nikarudia. Akageukia upande wa pili!

Jamani, kwetu huku shikamoo isiyoitikiwa ni tusi. Tena mbele ya mkwe! Nikajua amekasirika kwa sababu nimemkataza kubeba kuni kichwani.

Nikapaza sauti: "Mama, ndiyo unanigeuzia uso mbele ya mgeni?"

Akamaliza kugeuka kwanza, ndipo akanitazama.

"Marahaba mwanangu. Nafanya mazoezi ya shingo. Daktari kasema nikigeuka nitulie, nisiongee. Si ulinipeleka mwenyewe?"



Baba mkwe akavuta kigoda kingine. "Mama, nifundishe na mimi, shingo yangu inaniua."

Mama akaniita nimshike mabega yasipande. Nimeyashika, na neno samahani limekataa kutoka.

Bado sijalisema. Yuko jikoni ananipikia.

Nyie huwa mnaanzaje?