Kitovu cha Mdogo Wangu

Nilikuwa darasa la tisa, mjini Grand Prairie, mdogo wangu alipozaliwa. Kitovu chake kilipodondoka, mama alikifunga kwenye pamba, akakitia katika kikopo cha mafuta ya kupaka kilichokwisha, akakiweka juu ya friji. Kikakaa pale miezi minne.

Kwetu kitovu cha mtoto kinazikwa nyumbani. Cha mama kiko Fizi alikozaliwa, kwenye migomba ya bibi. Changu kiko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, na mama alikizika kile bila kutaka, maana kambi si nyumbani. Cha huyu alitaka akizike nyumbani kweli. Lakini tulikuwa tumepanga, ghorofa ya pili. Chini lami, na kando ya lami maua ya mwenye nyumba. Mtoto akilia, mama aliangalia friji.

"Ndiyo maana halali huyu. Hajui kwao ni wapi."

"Ana gesi," baba alisema.

Siku zilezile mwalimu wa jiografia aligawa kazi: kila mwanafunzi na watu wake, aeleze wanavyoonyesha kwamba wao na ardhi yao ni kitu kimoja. Mimi nikapewa wenyeji wa asili wa Australia. Nilisoma kwenye simu, mtoto mapajani, mama akiwa kazini ghalani. Wako wanaochora nchi yao kwa nukta, na anayejua kuusoma mchoro anaona visima na njia walizopita mababu. Wako wenye nyimbo ndefu zinazofuata njia, mlima kwa mlima. Mgeni akifika nchi ya wengine hajipitii tu. Anawasalimu wenyeji, na waliokufa pia. Wengi walihamishwa kwa nguvu, na walikotolewa bado wanapaita kwao.

Siku ya kusimama mbele ya darasa niliisoma karatasi mbiombio, macho kwenye viatu. Dakika mbili, nikakaa. Habari za friji sikuzitaja. Niliona aibu.

Kisha mama mkubwa, dada yake mama, akanunua nyumba Houston. Mama aliposikia kuna uwanja nyuma, hakuuliza kingine. Jumamosi moja baba alitoka zamu asubuhi, akanawa uso, akaendesha kwa muda wa saa nne na zaidi huku madirisha yakiwa wazi ili asisinzie. Mimi nilikuwa nyuma na mtoto, kikopo kwenye mkoba wa nepi.

"Shemeji, mbona umekonda hivyo?" mama mkubwa alimpokea baba. "Mdogo wangu hakupikii?"

"Ananipikia, ila nakula nikiendesha."

Hata chai hatukunywa. Mama alienda uwanjani na kijiko kikubwa cha bustani, akapiga magoti, akachimba. Majani yakainuka kipande kizima, kama kapeti. Chini yake wavu wa plastiki, chini ya wavu mchanga na kokoto.

"Mafuriko yalizoa kila kitu," mama mkubwa alieleza. "Huu udongo uliletwa na lori kabla hatujanunua. Zika tu, mdogo wangu, udongo ni udongo."

Mama alikaa kwenye visigino, kijiko mkononi. "Dada, huu nao ni mgeni kama mimi."

Akarudisha yale majani, akayakanyaga yalale. Tulipoingia garini, baba aliweka paji la uso juu ya usukani, halafu akawasha injini. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba.

Njiani kurudi baba alifungua tena madirisha. Tulipoupita mji wa Corsicana, mimi, ambaye garini sisemi kitu, nikajikuta nasimulia. Nikawaambia wale watu wa Australia wanavyofanya wakiingia ardhi isiyo yao, kwamba wanapiga hodi kwanza.

"Na huku mwenyewe nani?" mama aliuliza.

"Mwenye nyumba," baba alijibu.

"Nyamaza wewe. Kabla yake."

Nikasema kulikuwa na watu, walifukuzwa, na shuleni tulisomewa majina yao siku moja tu. Mimi siyakumbuki. Mama akaguna.

Jumapili baada ya ibada alinishika mkono, mtoto mgongoni, tukashuka kwenye kijito nyuma ya majengo, mahali ambapo mashine ya kukata majani haifiki. Alichimba. Udongo ulikuwa mweusi, mzito, wenye mizizi. Akaunusa. Akasema maneno kwa Kibembe, lugha yetu, halafu akanigeukia.

"Sasa wewe, mama. Waombe."

"Nani?"

"Hao wenyewe. Mimi lugha ya huku siijui."

Nikamwambia Kiingereza hakikuwa lugha yao. Akasema watakuwa wamekizoea, kama sisi tulivyozoea. Mtu alipita juu na mbwa wake, nikangoja apotee. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba huyu ni mdogo wangu, amezaliwa hapa, mahali pengine hapajui, tunaomba mahali padogo tu.

"Wamesemaje?"

"Hawajasema kitu."

"Wamekataa?"

Nilisikiliza. Maji, na magari ya barabara kuu.

"Hawajakataa."

Mama akafunua kikopo, akaweka pamba shimoni, akanisukumia udongo kwa kiganja. "Fukia wewe. Mimi mgongo unauma, na saa nane naingia kazini."

Nikafukia.